Maduara ya Shinyanga na mhandisi aliyerudi mlimani

AGOSTI 11, 2025, ardhi ilititia katika mgodi wa wachimbaji wadogo wa Nyandolwa, wilayani Shinyanga, na kuwafukia watu 25 waliokuwa chini. Mitambo ililetwa, vikosi vya uokoaji vikafanya kazi usiku na mchana, ndugu wakakesha juu ya mashimo. Mwishowe ni wachache tu waliotolewa wakiwa hai.

Msiba huo haukuwa wa kwanza. Oktoba 2015, wachimbaji walifukiwa katika machimbo ya Nyangalata, wilayani Kahama. Watano kati yao wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41, jambo ambalo nchi nzima ililiita muujiza. Januari 2017, watu 15 walinusurika mkoani Geita baada ya kunaswa chini ya ardhi kwa siku kadhaa. Januari 2024, zaidi ya watu 20 walipoteza maisha katika machimbo wilayani Bariadi, mkoani Simiyu.

Kila mara mjadala huwa ni uleule. Huzungumzwa uokoaji, hutolewa pole, huundwa timu ya uchunguzi, na wachimbaji huonywa wazingatie usalama. Swali moja huulizwa kwa nadra: mhandisi alikuwa wapi kabla ya ardhi kutitia?

Swali hilo lina uzito katika nchi ambayo imekuwa ikifundisha uhandisi katika chuo kikuu tangu mwaka 1973, Kitivo cha Uhandisi kilipoanza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lina uzito zaidi mjini Shinyanga, ambako kata moja na uwanja wa mpira vimepewa jina la Kambarage. Katika mitaa ya mji huo si ajabu kukuta ndugu wa tumbo moja, mmoja akipanda basi kwenda chuo kikuu na mwingine akipanda pikipiki kwenda kwenye machimbo. Mmoja atafundishwa kanuni za uthabiti wa miamba bila kuingia katika duara. Mwingine ataingia katika duara kila siku bila kuzisikia kanuni hizo.

Ili kuona namna pande hizo mbili zilivyoachana, na namna zinavyoweza kukutana, inafaa kurudi nyuma takriban miaka 1,900, katika himaya ya Roma. Warumi hawakuwa na vyuo vikuu vya ufundi wala mitambo ya mvuke au umeme. Hata hivyo walichimba migodi mirefu, wakajenga mifereji ya maji iliyovuka milima, na baadhi ya kazi zao zimesimama hadi leo.

Katika eneo la Aljustrel, kusini mwa Ureno, mwaka 1876 na mwaka 1906 yalipatikana mabamba mawili ya shaba nyeusi yaliyoandikwa sheria za mgodi wa Kirumi ulioitwa Vipasca. Mabamba hayo ni ya karne ya pili baada ya Kristo. Yanaonyesha kwamba mashimo ya mgodi huo hayakuchimbwa na kampuni moja kubwa. Yaligawiwa kwa watu waliolipia haki ya kuchimba, kila mmoja na shimo lake au sehemu yake ya shimo, chini ya usimamizi wa ofisa wa Kaisari. Kwa lugha ya leo, walikuwa wenye leseni ndogo.

Sheria hizo ziliagiza kwamba kila shimo liwekewe mihimili na kuimarishwa vizuri, na kwamba mwenye shimo abadilishe mbao zilizooza kwa mbao mpya zinazofaa. Zilikataza mtu yeyote kuziharibu nguzo zilizoachwa ili kubeba mwamba. Ziliweka umbali kati ya mashimo ya uchimbaji na mtaro wa kutolea maji mgodini. Adhabu ilikuwa kali: mtumwa aliyezivunja nguzo kwa makusudi alichapwa na kuuzwa kwa sharti la kutoruhusiwa tena kukaa katika eneo la mgodi wowote, na mtu huru alinyang'anywa mali.

Mchimbaji wa Nyarugusu, Mgusu au Lwamgasa akisomewa masharti hayo atayatambua mara moja. Mbao zinazobadilishwa ni matimba yake. Nguzo zinazokatazwa kuguswa ni zile kuta za mwamba zinazoachwa kati ya duara na duara. Nguzo hizo ndizo zinazojaribu uaminifu wa kila mchimbaji, kwa sababu mara nyingi nazo zina dhahabu. Mkondo wa mawe yenye mali ukianza kukonda, mkono huelekea kwenye nguzo.

Kinachofuata hakina uchawi. Mwamba uliokuwa umebebwa na nguzo tano sasa hubebwa na tatu. Mvua zikinyesha, maji huingia katika nyufa, huongeza uzito wa udongo na kulegeza mshiko wa tabaka za mawe. Miti ya matimba iliyokatwa mbichi na kukaa katika unyevu huoza kwa ndani, ingawa kwa nje huonekana mizima. Baruti ya duara la jirani hutikisa kila kitu. Na kwa kuwa hakuna ramani ya chini ya ardhi, maduara mawili huweza kukaribiana bila wenyewe kujua, hadi ukuta uliobaki kati yao uwe mwembamba kupita kiasi.

Haya yote hufundishwa katika kozi za uhandisi wa migodi na jiolojia. Mwanafunzi hujifunza kupima nguvu ya mwamba, kukokotoa unene wa nguzo inayotakiwa kuachwa, kusoma mwelekeo wa nyufa na kuchora ramani ya mgodi. Elimu ipo nchini, na imekuwepo kwa muda mrefu. Isipokuwa haijashuka ngazi za duara.

Warumi walilitambua tatizo hili kabla hata ya vyuo vikuu kuzaliwa. Vitruvius, fundi aliyetumikia majeshi ya Julius Caesar na baadaye kuandika vitabu kumi juu ya ujenzi wakati wa Kaisari Augustus, alianza kazi yake kwa kueleza kwamba ujuzi wa mjenzi una sehemu mbili: kazi ya mikono inayorudiwa hadi izoeleke, na hoja inayoeleza kwa nini kitu kimefanywa hivyo. Kwa maoni yake, waliotegemea mikono peke yake hawakupata heshima iliyolingana na jasho lao, na waliotegemea maandishi peke yake walikuwa wakifukuza kivuli.

Mfano ulio wazi zaidi wa maneno hayo unatoka katika bara hili hili la Afrika. Katikati ya karne ya pili, mji wa Saldae, ambao leo ni Béjaïa nchini Algeria, uliamua kuleta maji kutoka milimani. Mtaalamu wa kupima miteremko kutoka katika jeshi la Kirumi, Nonius Datus, alipima njia, akachora ramani ya handaki lililotakiwa kupita ndani ya mlima, akawaachia wakandarasi kazi, kisha akaondoka.

Handaki lilichimbwa kutoka pande mbili ili vikosi vikutane katikati. Havikukutana. Kila kikosi kilikuwa kimepinda kuelekea upande wake wa kulia, na jumla ya urefu wa mashimo mawili ikazidi upana wa mlima wenyewe. Watu wakakata tamaa, wakadhani kazi imeshindikana. Mkuu wa jimbo akaandika barua kuomba mtaalamu yule arudishwe.

Nonius Datus alirudi. Njiani alivamiwa na majambazi, akavuliwa nguo na kujeruhiwa, akaponea chupuchupu pamoja na wenzake. Alipofika hakutuma maelekezo kutoka kambini. Alipima upya, akaonyesha kosa lilipoanzia, akavigawa vikosi viwili vya askari na kuvishindanisha kuchimba hadi vikakutana, na maji yakapita. Kisa hicho alikichongesha kwenye jiwe lililopatikana Lambaesis, nchini Algeria, likiwa na majina ya fadhila tatu: uvumilivu, ushupavu na matumaini.

Jiwe hilo linafundisha jambo ambalo mitaala mingi ya leo bado inalihangaikia. Michoro ya Nonius Datus ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Wachimbaji nao hawakuwa wavivu, kwani walikuwa wamechimba kupita kiasi kilichohitajika. Kilichokosekana ni mtu mwenye elimu ya mchoro kuwepo pale ambapo sururu inagonga mwamba.

Hata hivyo, itakuwa ni kosa kuitukuza Roma bila kuitazama vizuri. Migodi yake iliendeshwa kwa jasho la watumwa na la wafungwa waliohukumiwa kazi ya machimbo. Pliny, mwandishi aliyewahi kuwa ofisa wa serikali nchini Hispania, alieleza jinsi watu walivyochimba kwa mwanga wa taa bila kuona jua kwa miezi, na jinsi nyufa zilivyoachia ghafla na kuwaponda. Huko Las Médulas, kaskazini-magharibi mwa Hispania, milima mizima iliangushwa kwa maji ili kuipata dhahabu, na makovu yake yanaonekana hadi leo.

Vitruvius huyo huyo alieleza namna ya kuipata dhahabu iliyomo katika nguo kuukuu: nguo ichomwe, majivu yachanganywe na zebaki, kisha mchanganyiko ukamuliwe katika kitambaa ili zebaki ipite na dhahabu ibaki. Anayetembelea mialo ya Geita leo ataona mkamuo kama huo wa kitambaa, baada ya mawe kusagwa kwenye karasha na kuoshwa. Kinachofuata ni kuichoma zebaki iliyobaki, mara nyingi hewani, huku mchomaji akiwa amesimama karibu na moshi wake. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na chombo cha kunasa mvuke wa zebaki ni kitu ambacho karakana ya kawaida ya chuo inaweza kukitengeneza. Kukuta mbinu ya miaka 2,000 iliyopita bado inatumika bila kinga ni ushahidi mwingine wa umbali uliopo kati ya karakana hiyo na mwalo.

Wala si kwamba ufundi ni kitu kigeni katika Kanda ya Ziwa. Wakati Roma ikitawala pwani za Mediterania, wahunzi wa Buhaya walikuwa tayari wakiyeyusha chuma. Utafiti wa Peter Schmidt na Donald Avery, uliochapishwa mwaka 1978, ulionyesha kwamba wahunzi hao walipasha hewa moto ndani ya tanuri kwa kupitisha mifereji ya mivuo ndani kabisa, hivyo kupata joto kali na chuma chenye ubora wa juu. Katika maeneo ya Geita na Biharamulo, Warongo waliendeleza kazi ya uhunzi kwa vizazi. Ufundi huo ulibaki ndani ya koo. Shule zilipokuja hazikuuandika wala kuufundisha, na bidhaa za chuma kutoka nje zilipofurika, tanuri zilizimika.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alionya juu ya elimu inayomtenga msomi na jamii yake, na inayomfanya aamini kwamba maarifa yote yanatoka vitabuni. Kitivo cha Uhandisi kilipoanzishwa miaka sita baadaye, mafunzo kwa vitendo viwandani wakati wa likizo yalifanywa kuwa sehemu ya masomo yenyewe. Mwaka 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi ilianzisha mpango wa kuwalea wahitimu kwa miaka mitatu chini ya wahandisi wazoefu kabla ya kusajiliwa.

Mipango hiyo imesaidia, lakini imefuata mkondo wa ajira rasmi. Mwanafunzi wa uhandisi wa migodi anayepata bahati hupelekwa katika migodi mikubwa kama Geita, ambao ulianza uzalishaji mwaka 2000, au Bulyanhulu, ulioanza mwaka 2001. Huko hukuta wahandisi wa kumsimamia, vifaa vya kupimia na taratibu za usalama. Akihitimu, ndoto yake ni kurudi huko huko. Idadi ya wanafunzi imepanda kwa kasi tangu miaka hiyo, lakini migodi mikubwa haihesabiki kwa makumi. Mgodi wa Buzwagi uliopo Kahama ulifunga uzalishaji mwaka 2021.

Kwa upande wa mafundi hali haikuwa tofauti sana. Mpango uliojulikana zaidi wa kufundisha mafundi wa migodi kwa ushirikiano wa VETA na kampuni za madini uliwekwa Moshi, mji usio na mgodi wa dhahabu, mwendo wa siku nzima kutoka Geita. Ulitoa mafundi stadi, ila ulikuwa kwa ajili ya kampuni hizo.

Ni haki kuzitazama sababu za wahandisi kutokwenda kwenye maduara. Mwenye leseni ndogo, ambayo kwa sheria hutolewa kwa Watanzania pekee, mara nyingi hana mtaji wa kumlipa mhandisi. Mapato yake hutegemea mawe yatakayopatikana. Chuo nacho hakiwezi kumpeleka mwanafunzi kwa urahisi mahali pasipo na bima wala msimamizi, ambapo matimba yenyewe ni ya mashaka. Wachimbaji wengi wana wasiwasi na mgeni mwenye karatasi, kwa kuwa uzoefu umewafundisha kwamba mwenye karatasi huja kutoza au kufunga. Na mhadhiri hupandishwa cheo kwa machapisho, si kwa idadi ya maduara yaliyoimarishwa.

Sababu hizo ni za kweli, lakini hakuna hata moja isiyoweza kuondolewa. Dhahabu ya wachimbaji wadogo sasa hupita katika masoko rasmi ya madini, ambayo la kwanza lilifunguliwa Geita mwaka 2019, na serikali hukusanya mrabaha na ada ya ukaguzi hapo hapo sokoni. Sehemu ndogo ya fedha hizo ikitengwa, inaweza kumlipa mhitimu mmoja anayelelewa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi ahudumie kundi la leseni zilizo jirani. Kazi yake ingekuwa kupima nguzo, kukagua matimba, kuchora ramani ya maduara yanayokaribiana na kuripoti kwa Tume ya Madini kabla ya mvua.

Mahali pa kuanzia pia papo. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, lina vituo vya mfano kwa ajili ya wachimbaji wadogo Lwamgasa na Katente, mkoani Geita. Vituo hivyo vikipewa hadhi ya kuwa maeneo ya mafunzo kwa vitendo ya vyuo vikuu, mwanafunzi atakuwa na msimamizi na bima, na mchimbaji atakuwa na mtu wa kumuuliza bila hofu ya kutozwa faini.

Njia hiyo haina budi kuwa ya pande mbili. Mchimbaji aliyekaa miaka 15 chini ya ardhi husoma mwamba kwa mlio wa nyundo. Akiugonga na ukaitika kama debe tupu, hutoka. Ujuzi huo si wa kudharauliwa. VETA tayari ina utaratibu wa kuutambua na kuurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na mtaala wa mkondo wa amali ulioanza kutumika katika sekondari mwaka 2024 umefungua mlango mwingine. Kinachobaki ni kuwafanya watu wa namna hiyo wawe wakufunzi wa wanafunzi wa chuo kikuu, wala si wapokeaji wa semina tu.

Kanda hii imewahi kuonyesha kwamba elimu na mahitaji ya watu vinaweza kukutana. Mradi wa maji ya Ziwa Victoria kwenda Kahama na Shinyanga, uliozinduliwa mwaka 2009, unatumia kanuni ambayo Nonius Datus angeielewa bila mkalimani: maji yanapandishwa kutoka Ihelele hadi kwenye tangi katika kilima cha Mabale, kisha yanaachwa yashuke kwa mteremko hadi mijini. Shinyanga iliyokuwa ikitegemea bwawa la Ning'hwa ikapata maji ya ziwa. Serikali iliona kiu ni tatizo la kihandisi, ikalitafutia wahandisi, na ikalipa gharama.

Vifo vya kwenye maduara navyo ni tatizo la kihandisi, lakini vimeendelea kuchukuliwa kama bahati mbaya au ukaidi wa wachimbaji. Mwaka 2021 nchi ilipata dola za Marekani milioni 425 kutoka Benki ya Dunia kwa ajili ya kuboresha vyuo vikuu, na majengo mapya yamekuwa yakiinuka. Madarasa na maabara yanahitajika. Lakini thamani ya majengo hayo kwa familia za Nyandolwa haitapimwa kwa idadi ya ghorofa.

Itapimwa katika msimu wa mvua. Mvua za vuli zinapoanza kunyesha juu ya Shinyanga na Geita, maji huingia katika nyufa zilezile na matimba huanza kuoza upya. Vijana hushuka hivyo hivyo, kwa kuwa ada za wadogo zao zinategemea mawe hayo. Wizara ya Madini, Wizara ya Elimu na vyuo vyenyewe vinapaswa kukubaliana nani atashuka pamoja nao akiwa na kipimo mkononi, kabla ardhi haijatitia tena.